Kopo la Kwanza ni la Betri

Kopo la kwanza silihesabu.
Nyungunyungu mia tano, niliowachomoa mmoja mmoja
kwenye malisho yaliyolowa ya Ontario,
hao ni wa tochi.
La pili ni la Phúc, mwenye gari,
anayetuchukua Toronto jua likizama
na kuturudisha watoto wakienda shule.
Kuanzia la tatu ndipo ninapoanza
kuinama kwa ajili yangu.

Tochi naifunga kwenye paji la uso,
kioo nimekifunika kwa nailoni nyekundu,
maana nyungunyungu huukimbia mwanga mweupe
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Mguu wa kulia, kopo la chambo.
Mguu wa kushoto, kopo la unga wa mbao
wa kukaushia vidole.
Kisogoni, betri nne.
Betri nne, usiku mmoja na nusu,
na ile nusu ndiyo inayonifilisi:
dukani nani atakuuzia nusu?

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Changu kimetoboka chini,
na tundu lake ni la ukubwa wa betri.

Aprili, baridi huzila kabla tochi haijazila.
Nazibana kwapani, mbili huku, mbili huku,
kama kuku anayeatamia chuma.
Oanh hunicheka.
Naye zake kazificha ndani ya sidiria.

Mama, kule Cà Mau, alizianika juu ya bati
zikapata roho ya usiku mmoja zaidi,
akatoka nazo kuwinda vyura.
Nami nikazipanga dirishani, ghorofa ya tisa.
Jua la hapa ni picha ya jua.
Nikajaribu kuzing'ata, kama alivyozing'ata yeye,
nikakumbuka meno haya ni ya bandia
na bado nayalipia.

Mwanangu Khải alipiga hesabu kwenye simu.
Akanyamaza, akarudia, akacheka bila furaha:
"Mama, kwa miaka kumi na sita
umenunua gari dogo
ukalichoma shambani kidogo kidogo."
Akaniletea za kuchaji,
na kisanduku chenye kitaa cha kijani.
Zilikuwa nzuri. Wiki tatu.
Kisha zikaanza kukata roho saa tisa za usiku
bila kuaga.
Zile za dukani, maskini, huaga:
mwanga hupauka, hugeuka rangi ya chai,
hukupa nafasi ya kumaliza mstari.

Jana mvua ilikoma saa tano.
Usiku wa aina hiyo huja mara mbili kwa msimu:
wametoka wote, wamejilaza juu ya majani
kama kamba za viatu vya jeshi zima.
Nilikuwa kwenye kopo la sita.
Giza.
Mfukoni hamna. Kwapani mbili,
na tochi haijui mbili, inataka nne.
Oanh angenikopesha,
lakini betri ya shambani hulipwa kwa riba.

Nikabaki nimeinama, vilevile,
kiganja juu ya majani.
Ukivuta kwa pupa hukatika,
na aliyekatika halipwi.
Unamshika, unangoja,
anajikaza shimoni, anachoka,
anaachia mwenyewe.
Kazi hiyo haikuhitaji mwanga kamwe.
Mmoja.
Wa pili akaniponyoka.
Wa tatu nilidhani ni jani.

Phúc akaita kutoka barabarani:
"Thoa! Mbona huonekani?"
Sikujibu, ningepotewa na hesabu.

Kumi na moja kwa nusu saa. Upuuzi.
Oanh atacheka mpaka Toronto.
Lakini kumi na moja,
na hakuna hata mmoja wa tochi.